Mwongozo wa Kukusanya Katuni za Zamani za Uingereza Zilizotokana na Tamthilia za Upelelezi za Televisheni

Maswali matatu hunifikia karibu kila mara mtu anapoingia katika ukusanyaji huu. La kwanza ni kwa nini kitabu kilekile muuzaji mmoja anakiita cha 1977 na mwingine anakiita cha 1978. La pili ni kwa nini hadithi inakatika katikati ilhali muuzaji aliapa kuwa toleo ni kamili. La tatu, ambalo limewagharimu wengi, ni kwa nini jarida lililotangazwa kuwa katika hali ya "Very Good" limefika likiwa limekunjika na kuchakaa. Nimeandika mwongozo huu ili maswali hayo, pamoja na mengine yanayoyafuata, yapate majibu mahali pamoja na kwa utaratibu ambao mtu anaweza kuufuata tangu siku ya kwanza.

Tunachokizungumzia ni machapisho ya aina mbili. Aina ya kwanza ni majarida ya katuni ya kila wiki, yaliyochapwa kwenye karatasi nyepesi na kuuzwa na wauza magazeti, ambamo kisa cha kachero wa televisheni kilipewa ukurasa mmoja au miwili kikiwa kimepangwa pamoja na visa vingine. Aina ya pili ni vitabu vya mwaka, vyenye jalada gumu, vilivyotolewa mara moja kwa mwaka ili watoto wapewe zawadi wakati wa Krismasi. Kila aina ina tabia zake na mitego yake, na anayezichanganya huishia kununua asichokitaka.

Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa daftari au jedwali kwenye kompyuta, penseli laini (kamwe si kalamu ya wino), rula ndefu, lenzi ya kukuzia, brashi laini kama ile ya rangi za maji, na meza safi iliyokauka. Kwa hifadhi utahitaji mifuko ya plastiki ya polipropilini au poliesta, kadibodi zisizo na asidi za kuegemeza majarida, na masanduku yenye vifuniko. Usinunue mifuko hiyo kabla hujapima majarida yenyewe, kwa sababu majarida ya Uingereza ni mapana na marefu kuliko ya Marekani, na mifuko mingi inayouzwa kwa ajili ya katuni imekatwa kwa vipimo vya Marekani. Tenga pia bajeti, na ndani yake uhesabu gharama za posta, kwani kitabu cha mwaka ni kizito na usafirishaji wake unaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe.

Hatua za kufuata

1. Chagua tamthilia moja, kisha uifuate popote ilipochapishwa. Wanaoanza hupenda kukusanya jarida zima, kwa mfano TV Comic, bila kujua kwamba jarida hilo lilianza mwaka 1951 na kuendelea hadi 1984. Hiyo ni miaka zaidi ya thelathini ya matoleo ya kila wiki, na mengi kati yake hayana kachero hata mmoja. Ukichagua tamthilia moja, orodha yako inakuwa fupi, macho yako yanazoea sura za wahusika na mkono wa mchoraji, na unajua siku gani kazi imekamilika. Tamthilia nzuri kwa kuanzia ni zile zilizopata vitabu vya mwaka, kwa kuwa hivyo hupatikana kwa urahisi kuliko majarida ya wiki. Mifano ni Kojak, Starsky and Hutch, The Sweeney na The Professionals. The Sweeney ina jambo linalostaajabisha: ilikuwa tamthilia ya polisi wa London iliyorushwa usiku, saa tatu, yenye ngumi na lugha kali, lakini bado kikatengenezwa kitabu cha zawadi kwa watoto ambao kwa kawaida wangekuwa wamelazwa kabla haijaanza. Ukikisoma utaona jinsi waandishi walivyolazimika kulainisha mambo, na kwangu hilo pekee linatosha kukifanya kitabu hicho kistahili kuhifadhiwa.

2. Jua ilichapishwa wapi kabla ya kutoa fedha. Hapa ndipo elimu ya kweli ya mkusanyaji ilipo, nami nakusihi usipite haraka. Majarida ya Uingereza yalikuwa na desturi ya kuungana: jarida lililokosa wanunuzi halikufa tu, bali lilimezwa na jarida jingine la mchapishaji yuleyule, na baadhi ya wahusika wakahamia huko. Jarida la Countdown lilianza Februari 1971, na mwaka 1972 likageuzwa kuwa TV Action, jina la zamani likiendelea kuonekana pamoja na jipya kwa muda. Ndani ya jarida hilo utawakuta The Persuaders, Hawaii Five-O, Cannon na The Protectors. Agosti 1973 likafungwa na kuunganishwa na TV Comic. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, likatoka Target, lililotegemea zaidi makachero: Kojak, Cannon, Charlie's Angels na Hazell, mpelelezi binafsi wa London. Halikumaliza mwaka, nalo likamezwa na TV Comic. Kwa hiyo anayemfuata Cannon hana budi kutafuta katika majarida mawili yaliyopishana kwa miaka mitano, na anayeandika jina moja tu la jarida anapotafuta atakosa nusu ya anachokitaka.

Jambo jingine la kuangalia ni kituo cha televisheni kilichorusha tamthilia. Look-in, lililotoka Januari 1971 na kudumu hadi 1994, lilikuwa jarida la watoto la upande wa ITV, televisheni ya kibiashara iliyoshindana na BBC, na katuni zake zilitokana na vipindi vya ITV. Kojak na Starsky and Hutch zilirushwa na BBC, kwa hiyo usipoteze wiki nzima ukizitafuta humo. Humo utawapata askari wa pikipiki wa California wa tamthilia ya CHiPs, na utafurahia majalada ya miaka ya 1970 yaliyochorwa kwa rangi na Arnaldo Putzu, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa majalada mazuri kuliko yote ya watoto wa enzi ile.

Usisahau majarida ambayo kwa jina hayahusiani na televisheni. Sexton Blake, kachero wa zamani wa hadithi za magazeti, alipopata tamthilia ya televisheni kuanzia 1967 akiigizwa na Laurence Payne, alipewa pia katuni ndani ya Valiant kuanzia 1968 hadi 1970. Vivyo hivyo, The Avengers, ambayo wengi wanaijua kwa Steed na Bi Peel, ilikuwa ndani ya TV Comic, lakini mwaka 1966 na 1967 ilichapishwa pia kwa rangi ndani ya Diana, jarida la wasichana la D.C. Thomson wa Dundee. Wakusanyaji wengi wa katuni za upelelezi hawafungui sanduku la majarida ya wasichana, na hiyo ndiyo sababu matoleo hayo wakati mwingine huonekana kwa bei isiyolingana na thamani yake.

3. Jifunze kusoma tarehe na bei. Jalada la jarida la wiki kwa kawaida lina tarehe ya mwisho wa wiki ya mauzo, si siku lilipofika dukani. Ikiwa sehemu ya tarehe imechanika, bei itakusaidia. Uingereza ilibadilisha sarafu yake tarehe 15 Februari 1971. Kabla ya hapo bei ziliandikwa kwa shilingi na peni za zamani, na alama ya peni ilikuwa herufi d. Baada ya hapo zikaandikwa kwa peni mpya, kwa herufi p. Msomaji wa Afrika Mashariki aangalie asipotoke: shilingi yetu ina senti mia, lakini shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Shilingi moja ikawa sawa na peni mpya 5. Kwa hiyo jarida lenye bei ya 7d haliwezi kuwa la 1973 hata muuzaji aseme nini. Jarida lenye bei za aina mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya, ni la kipindi cha mpito, na ukilijua hilo umelikaribia kwa miezi michache.

Vitabu vya mwaka vina hesabu yake. Vilitoka majira ya vuli kwa ajili ya Krismasi, vikabeba jina la mwaka unaofuata. Kitabu kilichoandikwa 1978 kwenye jalada kiliuzwa mwaka 1977, na ndani yake haki ya kunakili inasomeka 1977. Baadhi havina mwaka wowote juu ya jalada. Ndiyo maana wauzaji wawili hutaja miaka miwili tofauti bila yeyote kati yao kudanganya. Katika daftari lako andika yote mawili, mwaka wa jalada na mwaka wa haki ya kunakili, na uulize picha ya ukurasa wenye haki hiyo kabla ya kununua kitabu ambacho huenda tayari unacho.

4. Tafuta, lakini uliza kabla ya kulipa. Ndani ya Uingereza, sehemu zinazofaa ni minada ya mtandaoni, maonyesho ya wauza katuni, maduka ya vitabu vilivyotumika, maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, na masoko ya Jumapili ambako watu huuza vitu vyao kutoka nyuma ya magari. Vitabu vya mwaka hupatikana kote huko. Majarida ya wiki ni nadra zaidi, kwa sababu yalitengenezwa ili yasomwe na kutupwa, na mengi yaliishia kufungia vitu au kuwashia moto. Mwulize muuzaji mambo manne kwa maandishi: Je, kurasa zote zimehesabiwa? Je, kuponi yoyote imekatwa? Je, bango la katikati lipo, kama lilikuwapo? Je, zawadi iliyotolewa bure na toleo hilo ipo? Matoleo ya kwanza ya majarida mengi yaliambatana na zawadi ndogo ya karatasi au plastiki, na toleo lenye zawadi yake huuzwa kwa bei ya juu mno kuliko lisilo nayo. Asiyejibu swali la kurasa, mwache.

5. Ielewe ngazi ya hali. Maneno yanayotumiwa na wauzaji yana mpangilio maalumu: Mint iko juu kabisa, ikifuatiwa na Near Mint, Very Fine, Fine, Very Good, Good, Fair na mwishowe Poor. Kama unavyoona, Very Good iko chini ya Fine na imekaa katikati ya ngazi, na Good ina maana ya jarida lililotumika sana ingawa bado linasomeka. Zaidi ya hayo, wauzaji wa kawaida wasio wakusanyaji hutumia maneno hayo kwa maana ya mtaani. Omba picha za jalada la mbele na la nyuma, mgongo na kurasa za katikati, kisha uamue mwenyewe.

6. Likifika, likague siku hiyohiyo. Nawa mikono, ikaushe, kisha ulilaze jarida mezani. Jarida la wiki limetengenezwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa katikati, na kila karatasi moja hubeba kurasa nne. Kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Fungua katikati kabisa na uhesabu kurasa upande wa kushoto na wa kulia. Zisipolingana, kuna nusu ya karatasi iliyochanika na kupotea. Zikilingana bado usiridhike, kwani karatasi nzima inaweza kuwa imechomoka bila kuacha alama. Katika jarida la kurasa 20, karatasi ya katikati ina ukurasa wa 9 hadi wa 12, na ikipotea utatoka ukurasa wa 8 kwenda wa 13. Ikipotea karatasi ya pili kutoka nje, pengo litaonekana mahali pawili, kati ya 2 na 5 na kati ya 16 na 19. Kama kurasa hazina namba, fuata hadithi zenyewe.

Nasisitiza hatua hii kwa uchungu. Niliwahi kununua bunda la TV Action kwa muuzaji wa mnadani aliyeandika kuwa yote ni kamili, nikaliweka kabatini bila kulifungua kwa sababu nilikuwa na safari. Nilipolikagua miezi miwili baadaye, matoleo mawili yalikosa karatasi ya katikati, na muda wa kudai fedha ulikuwa umepita.

Katika ukaguzi huo usishtuke ukikuta jina la ukoo au namba ya nyumba imeandikwa kwa penseli kwenye kona ya juu ya jalada. Muuza magazeti aliandika hivyo ili kijana wa kusambaza ajue jarida liende mlango gani. Ninalo toleo lenye namba 14 iliyoandikwa kwa mkono wa haraka, penseli ikiwa imebonyea hadi ukurasa wa pili, na katika muda wote niliolimiliki sijafikiria kuifuta. Kwenye vitabu vya mwaka utakuta kisanduku cha jina la mwenye kitabu kimejazwa, au kona yenye bei imekatwa kwa mkasi ili anayepewa zawadi asijue gharama yake. Kasoro hizo hushusha bei, nawe unaweza kuzitumia kujadiliana, lakini hazikuzuii kusoma.

7. Safisha kidogo tu. Ondoa vumbi kwa brashi laini ukielekea kutoka katikati kwenda ukingoni. Usitumie maji, usitumie kifutio kwenye sehemu zenye wino, na usiweke selotepu hata kama mpasuko unakukera, kwa kuwa gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi kiasi kwamba haitoki tena. Pini za chuma zinazoshikilia kurasa, zikiwa na kutu, ziache zilivyo, isipokuwa kutu ikiwa imeanza kula karatasi. Hapo mtafute mjuzi wa kukarabati vitabu.

8. Hifadhi palipo na giza, ubaridi na ukavu. Karatasi ya magazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa, na mwanga pamoja na hewa huigeuza kuwa ya manjano na kuifanya ivunjike. Weka kila jarida ndani ya mfuko wake likiegemea kadibodi, na usitumie plastiki ya PVC, ambayo hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Majarida makubwa yalaze bapa, machache kwa kila fungu. Vitabu vya mwaka visimamishwe wima vikiwa vimebanana kiasi, kwa sababu kikiinama mgongo wake hupinda. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana adui mkubwa zaidi, nao ni unyevu wa pwani. Inua masanduku kutoka sakafuni, yaweke mbali na ukuta wa nje, tia vifuko vya kunyonya unyevu na uvibadilishe vikishiba, na ufungue masanduku mara kwa mara kuangalia ukungu, mende na mchwa.

9. Andika kila unachonunua: jina la jarida kama lilivyo kwenye jalada, namba ya toleo, tarehe, bei iliyochapwa, tamthilia iliyomo, kasoro, na kiasi ulicholipa. Fanya hivyo kabla ya kulitia jarida mfukoni.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

Hadithi inaanzia katikati. Huenda jarida si pungufu. Visa vingi viliendelea wiki hadi wiki, na ulichonacho ni kipande kimoja. Angalia kama ukurasa wa kisa unamalizika kwa tangazo la kuendelea wiki ijayo, kisha uandike namba za matoleo ya kabla na baada yake kwenye orodha ya kutafuta.

Kitabu cha mwaka kina maneno mengi kuliko picha. Hiyo ndiyo tabia ya vitabu hivyo. Kisa kimoja au viwili vya katuni huchanganywa na hadithi za maandishi, mafumbo, na makala kuhusu waigizaji au kazi ya polisi. Anayetaka katuni pekee aombe picha za kurasa za ndani kwanza.

Umepata katuni ya Kimarekani yenye michoro unayoifahamu. Inawezekana kabisa. Mwaka 1968 kampuni ya Gold Key ilitoa toleo la The Avengers kwa jina la John Steed Emma Peel, likitumia visa vilivyokuwa vimetoka ndani ya TV Comic. Ni chapa ya marudio, na bei yake ipimwe hivyo.

Jarida la zamani lina karatasi nyeupe mno. Baadhi ya matoleo ya kwanza yamechapwa upya baadaye kwa kuigiza nakala asilia. Chunguza ukingo wa karatasi kwa lenzi, harufu yake, na maandishi madogo ya mchapishaji chini ya ukurasa wa mwisho, ambako chapa ya marudio mara nyingi hujitaja.

Harufu ya uvundo. Weka jarida kwenye sanduku kubwa lenye kifuniko pamoja na bakuli wazi la bikaboneti ya soda ya jikoni, bila unga kugusa karatasi, kwa wiki mbili au tatu. Kama kuna ukungu unaoonekana, litenge na mengine kwanza, lipeleke penye hewa kavu, na usilifute kabla ukungu haujakauka kabisa.

Wadudu ndani ya sanduku. Funga jarida katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha ulitoe na kuliacha siku nzima bila kufungua mfuko, ili unyevu utakaojitokeza wakati wa kupata joto ubaki nje ya plastiki na usiingie kwenye karatasi.